Kabla Hujatia Sahihi

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye semina ya washauri wa taaluma wa kitivo chetu, wiki moja kabla ya kuwapokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Naiweka hapa yote, kama nilivyoisema, kwa ajili ya wenzetu waliokuwa safarini na wale waliobaki wakisimamia mitihani ya sapu, ile ya kurudia kozi ulizofeli.

Ndugu Mkuu wa Kitivo, wakuu wa idara, wahadhiri wenzangu, viongozi wa serikali ya wanafunzi, itifaki imezingatiwa. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie uongozi. Juzi tulikuwa tunakunywa chai, mwenzangu mmoja akaniuliza: "Uongozi unatuhusu nini sisi? Sisi si wakuu wa idara. Sisi ni washauri wa taaluma tu." Hilo neno "tu" nimelala nalo siku mbili, na leo nimekuja nalo hapa.

Tuanze na karatasi. Mnaijua ile fomu ya kusajili kozi. Juu jina na namba ya usajili, katikati jedwali la kozi na krediti zake, yaani uzito wa kila kozi, chini kabisa kamstari kafupi: mshauri wa taaluma, sahihi, tarehe. Siku hizi sehemu nyingi ni kitufe kwenye mfumo wa kompyuta, lakini kitendo ni kilekile. Jiulize: mara ya mwisho uliposaini ile fomu, uliangalia uso au uliangalia karatasi?

Mimi niliangalia karatasi. Ni miaka mingi sasa, nilikuwa nafundisha chuo kingine. Nilikuwa nasahihisha. Mlango ukagongwa, akaingia kijana wa mwaka wa pili. "Shikamoo, Madam." "Marahaba, hujambo?" "Sijambo." Akaweka fomu yake juu ya rundo la majaribio. Nikavuta droo, nikatoa kalamu, nikasaini, nikamrudishia. Akaipokea kwa mikono miwili. Hakuondoka. Alisimama pale anaikunja ile fomu, mara mbili, mara nne. Nikamwambia, "Kuna kingine?" Akasema, "Hapana, Madam. Asante." Akatoka.

Matokeo ya mwaka yalipobandikwa, kijana kadisko, kaondolewa masomoni. GPA, wastani wa alama zake, haikufika 2.0.

Rafiki yake ndiye aliyenieleza, tena baada ya mimi kuuliza. Mama yao alikuwa amelazwa, figo. Yeye ndiye mtoto wa kwanza, baba hayupo. Wiki nzima ilikuwa basi kwenda, basi kurudi, na majaribio mawili yalimpita akiwa wodini. Sasa nisikilizeni vizuri. Chuo kile kilikuwa na utaratibu wa kuahirisha masomo, kama hiki chetu. Barua ya mwanafunzi, cheti cha hospitali, maoni ya mshauri, kikao cha kitivo kinapitisha. Mtoto anakwenda kumuuguza mama yake, mwaka unaofuata anarudi darasani na rekodi yake safi. Kijana yule hakujua kwamba kuna kitu kama hicho duniani. Mimi nilijua. Na fomu za kuahirisha masomo zilikuwa ndani ya droo ileile niliyoivuta kutoa kalamu.

Mwaka 1978 mtaalamu wa siasa wa Marekani, James MacGregor Burns, alitenganisha uongozi wa namna mbili. Wa kwanza ni wa kubadilishana: nipe kura nikupe ajira, nifanyie kazi nikulipe mshahara. Kila mmoja anachukua chake na kuondoka alivyokuja. Wa pili ni ule ambao kiongozi na anayeongozwa wanashikana, mmoja anamwinua mwenzake, na wote wawili hawabaki pale walipokuwa. Mwaka 1985 mwanasaikolojia Bernard Bass akaiingiza fikra hiyo maofisini na jeshini, na miongoni mwa nguzo zake akaweka hii: kumjali mtu mmoja mmoja, yeye kama yeye, pamoja na haja zake.

Mimi na yule kijana tulibadilishana. Alinipa fomu, nikampa sahihi. Biashara ikaisha.

Na kwa ndugu yangu wa chai: mwaka 1972, kabla hata ya huyo MacGregor Burns, mtaalamu mwingine, Burns Crookston, aliandika kwamba ushauri wa taaluma ni kufundisha. Kwamba kumwandikia mwanafunzi orodha ya kozi ni jambo moja, na kukaa naye mpaka ajifunze kupima, kuamua na kubeba uamuzi wake ni jambo lingine kabisa, na hilo la pili ndilo kazi. Basi tunafundisha. Na nchi hii, ndugu zangu, kiongozi wake wa kwanza tulimwita nani? Tulimwita Mwalimu. Waliotutangulia waliona kuongoza na kufundisha kuwa kazi moja. Lile "tu" limetoka wapi?

Nije kwenye jambo la pili. Watafiti wa uongozi Paul Hersey na Ken Blanchard, mwaka 1969, walisema hakuna mtindo mmoja wa kuongoza unaofaa kila mtu. Mwanzoni walilinganisha na mzazi anavyobadilika mtoto akikua. Hili sisi halihitaji kitabu. Mtoto anayetambaa unamwondolea kisu mkononi bila mjadala. Akiwa na miaka saba unamweleza kwa nini kisu kinakata. Akiwa binti mkubwa unamwachia jiko lote na wageni juu. Hersey na Blanchard wakaigawa hatua nne: kuelekeza, kushawishi, kushirikisha, kukabidhi.

Rahisi kuisema. Sasa nieleze nilivyoikosea, mara mbili, pande zote mbili.

Alikuja binti wa mwaka wa kwanza, wiki ya pili tangu afike. Amevaa sare ya shule ya zamani, ile sketi, kaitoa tu nembo. Akaniuliza, "Madam, katika hizi za hiari nichukue ipi?" Nikamjibu kwa moyo mkunjufu kabisa: "Mwanangu, wewe sasa ni mtu mzima. Chagua unachokipenda." Nikajiona nimemheshimu. Akaenda akachagua alichochagua jirani yake wa chumbani. Kozi mbili zikagongana Jumatano saa nne. Na ile ambayo lazima uipite kwanza ndipo mwaka wa pili usome takwimu, hakuichukua. Binti yule kwao hakuna aliyewahi kufika chuo. Neno "krediti" alilisikia kwa mara ya kwanza kwenye ile wiki ya kuwakaribisha, ukumbini, kwa kipaza sauti kinachokwaruza. Hapo hakuhitaji uhuru. Alihitaji mtu achukue kalamu aseme: hii ni lazima, hii inafungua mlango wa ile, hii iache mpaka mwakani, na sababu ni hizi.

Muhula huohuo alikuja mtu mzima, mwalimu wa sekondari, kapewa ruhusa na mwajiri kuja kujiendeleza. Miaka 15 darasani. Mimi nikaanza: kupanga muda, kuhudhuria semina, kutotegemea madesa, yale maandishi ya kunakili ya wenzake. Alikaa kimya, faili lake mapajani, mpaka nikamaliza. Kisha akasema kwa upole: "Nashukuru, Mwalimu. Mimi nilikuja kuuliza kama naruhusiwa kufanyia utafiti wangu shule ninayofundisha." Swali la dakika mbili. Nilimchukulia nusu saa, tena nikamshusha mbele ya nafsi yake.

Mmeona? Wa kuelekezwa nilimkabidhi, wa kukabidhiwa nikamwelekeza.

Wako watafiti walioipima nadharia hii wakasema ushahidi wake ni dhaifu, na hoja zao nimezisoma, zina uzito. Mimi nachukua kitu kimoja tu humo, nacho kimenisaidia kuliko vingine vyote: utayari ni wa jambo, hauko kwa mtu mzima mzima. Mwanafunzi huyohuyo wa mwaka wa tatu, A tupu kwenye kozi zake, siku anapoanza kuandika andiko la utafiti ni mwaka wa kwanza upya. Anaona aibu kusema hivyo, kwa sababu kila mtu anamwita kipanga. Kwa hiyo swali langu akiingia mlangoni limekuwa hili: huyu, kwa jambo hili, leo, yuko wapi?

Na utajuaje yuko wapi? Hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, maana hapa ndipo nadharia za watu wengine zinatuachia kazi yetu wenyewe.

Hersey na Blanchard waliandika kwa watu ambao mfanyakazi asipoelewa anasema sikuelewa. Sisi je? Mtoto wetu kalelewa kutombishia mkubwa. Kaamkia, kakaa kwenye ncha ya kiti, na kila unalosema anaitika "ndiyo". Mwisho unamuuliza, "Umeelewa?" Atakujibu nini? "Nimeelewa, Mwalimu." Aliyeelewa atasema nimeelewa, na ambaye hajaelewa atasema nimeelewa. Jibu hilo ni adabu. Halina habari yoyote ndani yake. Mimi niliacha kuuliza hivyo. Siku hizi namwambia, "Haya, ukitoka hapa unaanzia ofisi gani? Unabeba karatasi gani?" Akinyamaza, najua tunarudia, na narudia mimi, maana aliyeshindwa kueleza ni mimi.

Halafu lugha. Ndugu zangu, tunafundisha kwa Kiingereza, mitihani ni Kiingereza, na wengi wetu tukikaa nyuma ya meza tunashauri kwa Kiingereza pia, kwa mazoea. Alikuja kwangu kijana aliyekuwa anaanguka semina za saa moja asubuhi. Mihadhara ya mchana anafanya vizuri, semina za asubuhi sifuri, hayupo. Nikamuuliza kwa Kiingereza, akanijibu kwa Kiingereza kizuri tu kwamba mambo yote yanakwenda sawa na atajitahidi zaidi. Sentensi kamili, kama ya kwenye kitabu cha kidato cha pili. Nikaweka kalamu chini. Nikamwambia, "Haya, sasa tuongee. Unalala wapi?"

Alinyamaza muda. Kisha akasema, "Kulala silali, Madam."

Alikuwa analinda ghala usiku, saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Mkopo wake ulikuwa wa sehemu, bumu, ile pesa ya kujikimu, analogawana na wadogo zake wawili walioko sekondari. Akitoka lindo anapanda daladala mbili, anafika chuo saa mbili kasoro, mlango wa semina umefungwa. Hayo yote yalitoka kwa Kiswahili, ndani ya dakika tano, mtu yuleyule, kiti kilekile. Shida zake hazikuwa zimetafsiriwa bado. Tulitaka atafsiri njaa ndipo tumsikilize?

Mtafiti wa uongozi Robert House, mwaka 1971, aliandika kwamba kazi ya kiongozi ni kumsafishia mtu njia ya kufikia lengo lake: kuonyesha pa kupita na kuondoa vizuizi. Kizuizi cha kijana huyu kilikuwa jina lake kuwa kwenye kundi la saa moja. Nikaandika mistari miwili kwa mwenzetu anayesimamia semina, akahamishiwa kundi la saa tisa alasiri. Mistari miwili. Sikumtolea hotuba ya bidii, maana mtu anayelinda ghala usiku kucha na kuja darasani mchana, mimi nitamfundisha bidii gani? Alimaliza na 2.9. Haikuwa daraja la juu, na hakuna aliyempigia picha siku ya mahafali zaidi ya wadogo zake wale wawili, mmoja sasa yuko mwaka wa kwanza chuo cha ualimu.

Jambo linalofuata linaniuma kulisema, lakini nalisema kwa sababu nadhani si langu peke yangu. Mtafiti George Graen na wenzake, kuanzia miaka ya 1970, walichunguza wakubwa na walio chini yao, wakakuta kiongozi mmoja hana uhusiano mmoja na watu wote. Ana wa ndani na ana wa nje. Wa ndani wanapata muda, taarifa, imani, nafasi ya pili. Wa nje wanapata taratibu zilizoandikwa.

Niliposoma hivyo nikasema mimi siyo. Mlango wangu uko wazi kwa wote. Kisha jioni moja nikachukua orodha ya wanafunzi niliogawiwa, majina 34, nikaweka alama ya vema kwa kila jina ambalo nalijua sura yake. Nilifikia 11. Nikawaangalia hao 11 ni akina nani. Kiongozi wa darasa. Waliokuwa kwenye kozi ninayofundisha. Wawili wa kwetu, ambao tunasalimiana kwa kilugha. Wasemaji wazuri. Wenye kuvaa vizuri. Kisha nikachukua matokeo ya muhula uliopita nikayalaza pembeni. Waliokuwa na sapu mbili na zaidi walikuwa watano. Sikuwa namjua hata mmoja.

Mlango ulio wazi, ndugu zangu, unamwingiza mwenye ujasiri. Mwenye shida na asiye na ujasiri anapita koridoni, anasoma jina lako mlangoni, anaendelea.

Nikawatumia ujumbe wale 23, mmoja mmoja, kwa jina lake, si kwenye kundi la darasa: njoo Alhamisi saa nane na nusu, dakika kumi, nataka tufahamiane. Wengi walikuja. Wa kwanza alifika saa nane kamili, kachomekea shati, anatokwa jasho. Hata hakukaa. Akasema, "Madam, nimekosa nini?"

Hilo swali nataka mlisikie tena. Nimekosa nini? Mwaka wa pili huo chuoni, na hakuwahi kuitwa na mtu mzima ofisini isipokuwa amekosa.

Najua mnachotaka kuniambia. Tuna madarasa ya mamia, mitihani ya kusahihisha, machapisho ya kuandika ili tupandishwe vyeo, na hakuna fomu ya kupandishwa cheo inayouliza umeshauri vijana wangapi. Ni kweli kabisa. Mkuu wa Kitivo, uko hapa, na nasema mbele yako kwa heshima: kazi hii ihesabiwe. Iingie kwenye mzigo wa kazi wa mhadhiri kwa saa, kama kufundisha kunavyohesabiwa. Kozi ya mwanafunzi tunaipimia krediti, kila krediti saa 10, mwaka mzima krediti 120, tunajua mpaka saa atakazosoma peke yake maktaba. Saa za kumshauri hazimo popote. Kisichohesabiwa kinafanywa na wenye huruma mpaka wachoke, na wakichoka hakifanywi na yeyote.

Lakini wakati tunasubiri hilo, kuna kitu cha kujikinga nacho, maana si kila anayewaita wanafunzi anawaongoza. Mwaka 1939 mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake wawili, Ronald Lippitt na Ralph White, walichapisha walichokiona kwa wavulana wa miaka 10 huko Iowa, Marekani, wakiwa kwenye vikundi vya kazi za mikono. Vikundi vingine vilikuwa na kiongozi wa amri. Vingine kiongozi anayeamua pamoja nao. Vingine kiongozi aliyewaachia wajifanyie. Kwa yule wa amri, akiwepo kazi zilikwenda sana. Akitoka chumbani, mikono inalegea. Kwa yule wa kuamua pamoja, akitoka, watoto wanaendelea.

Nami huwa nawaza hao watoto wa chumba kilichobaki bila mkubwa, maana mwanafunzi wetu anaishi humo. Unakaa naye dakika kumi kwa muhula. Miezi minne iliyobaki umetoka chumbani.

Mwaka 1970 Robert Greenleaf, aliyefanya kazi karibu miaka 40 kwenye kampuni ya simu ya AT&T kabla ya kustaafu, aliandika kuhusu kiongozi aliye mtumishi kwanza, na akatoa kipimo chake: je, wanaotumikiwa wanakua? Wanakuwa na busara zaidi, huru zaidi, wanaojitegemea zaidi, na wao kuwa tayari kuwatumikia wengine? Nilipolisoma hilo nilihisi nimeshalisikia mahali. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere kwenye andiko lake Elimu ya Kujitegemea alitaka shule zetu zimpe kila mtoto mambo matatu: akili inayouliza, uwezo wa kujifunza kwa wanayofanya wengine akayakataa au kuyageuza yamfae, na kujiamini kwamba yeye ni mtu huru, aliye sawa na wenzake. Wawili hawa hawakukaa meza moja. Mmoja mtu wa kampuni, mwingine rais wa nchi changa. Angalieni walivyokutana kwenye neno lilelile, kujitegemea.

Yule binti wa sketi ya shule yuko mwaka wa tatu sasa. Tulirekebisha ratiba yake kwa kalamu yangu, nikamwonyesha kila kozi inakwenda wapi. Mwaka wa pili alikuja na ratiba aliyoiandika mwenyewe kwa penseli, tukabishana kozi moja, akashinda yeye. Mwaka huu alikuja akiwa ameongozana na mwingine, mdogo, mgeni, ameshika fomu. Akaniambia, "Madam, huyu nimeshamweleza za lazima. Imebaki ya hiari moja, nimemwambia aje akuulize mwenyewe."

Ndugu zangu, nimemaliza muda wangu. Pale mlangoni, juu ya meza, katibu wa kitivo ameweka orodha zetu kwa majina ya washauri. Kila mmoja achukue yake. Chai ni nusu saa. Nawaomba, kabla ya kurudi hapa saa tano, kaa na kalamu, weka alama kwa kila jina unalolijua sura yake, kisha tuje tuanze kikao cha pili na yale yaliyobaki bila alama. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.